Ng' Ikae Wapi? Uhakiki wa Mpangilio wa Alfabeti katika Kamusi na Orodha za Istilahi

Yachukue maneno sita ya kawaida ya Kiswahili: ngamia, ng'ombe, ngozi, ng'ambo, nguo na nzige. Mwalimu anaweza kuyaandika ubaoni na kuwaambia wanafunzi wayapange kwa taratibu ya alfabeti, naye akadhani kwamba zoezi hilo lina jibu moja tu. Lina majibu manne. Anayeipuuza ritifaa, akaisoma ng' kana kwamba ni n na g tu, atapata: ng'ambo, ngamia, ng'ombe, ngozi, nguo, nzige. Anayeihesabu ritifaa kuwa alama inayozitangulia herufi zote atapata: ng'ambo, ng'ombe, ngamia, ngozi, nguo, nzige. Anayeiweka nyuma ya herufi zote atapata: ngamia, ngozi, nguo, ng'ambo, ng'ombe, nzige. Na anayeshikilia kwamba ng' ni herufi kamili, inayoanza pale n inapokwisha, atapata: ngamia, ngozi, nguo, nzige, ng'ambo, ng'ombe.

Kila jibu kati ya hayo lina mantiki yake, na kila moja laweza kutetewa mbele ya wataalamu. Lisiloweza kutetewa ni kitabu kimoja kutumia mawili au matatu kwa wakati mmoja, au kutumia moja bila ya kumwambia msomaji ni lipi. Haya ndiyo tunayokusudia kuyahakiki hapa. Hatulengi kamusi fulani wala mtungaji fulani. Tunalenga mazoea ya kudhani kwamba taratibu ya alfabeti ni jambo la maumbile, kama vile mchana kufuata usiku, na kwamba haihitaji kuamuliwa na mtu yeyote.

Mazoea hayo yamezidi kukaza tangu kazi ya kupanga maneno ilipotolewa kwenye visanduku vya kadi na kukabidhiwa kompyuta. Zamani mkusanyaji wa istilahi aliandika kila neno katika kadi yake, na kila alipoitia kadi sandukuni alilazimika kuamua mahali pake. Uamuzi huo ulikuwa wa polepole na wa kuchosha, lakini ulikuwa uamuzi. Leo mtu hubonyeza kitufe, orodha ikajipanga, naye akaipeleka kwa mpiga chapa akiamini kwamba mashine inaijua alfabeti. Ukweli ni kwamba mashine huijua namba. Katika msimbo unaotumiwa na kompyuta nyingi, kila alama ina namba yake: ritifaa iliyonyooka ni 39, herufi kubwa A hadi Z ni 65 hadi 90, na herufi ndogo a hadi z ni 97 hadi 122. Programu isiyoagizwa vinginevyo huzifuata namba hizo kibubusa, na kwa sababu hiyo Zanzibar hutangulia alfabeti. Ritifaa iliyopinda, ile ambayo programu za kuandikia hupenda kuiweka badala ya iliyonyooka bila ya mwandishi kuombwa ruhusa, ina namba nyingine kabisa, 8217, ambayo iko mbali nyuma ya z.

Sasa fikiria orodha ya istilahi za ufugaji iliyochapwa na wapiga chapa wawili, mmoja akitumia ritifaa iliyonyooka na mwingine iliyopinda. Kwa macho ya binadamu alama hizo mbili zinakaribia kuwa moja. Kwa mashine, ng'ombe wa mpiga chapa wa kwanza atakaa mbele ya ngamia, na ng'ombe wa mpiga chapa wa pili atakaa nyuma ya nguo. Mfasiri anayetafuta istilahi katika orodha ya namna hiyo atalikuta kundi moja, atadhani ndilo lote, na asipoliona neno analolitaka ataamini kwamba halijaundwa. Hapo atafanya lile ambalo kila mfasiri aliyebanwa na muda hulifanya: ataunda la kwake. Baada ya miaka michache tutakuwa na maneno mawili kwa dhana moja, na tutawalaumu wafasiri kwa kutofuata istilahi zilizosanifiwa, ilhali istilahi hiyo ilikuwamo katika orodha tangu mwanzo, imefichwa na ritifaa.

Na si wafasiri peke yao. Katika rejista za shule na orodha za wapigakura yamo majina mengi yanayoanza na Ng', hasa majina ya Kisukuma yenye Ng'w-. Karani anayelitafuta jina la mtu mahali lisipokuwapo humwambia mwenyewe kwamba hakuandikishwa. Mwenye jina hana la kujibu, kwa kuwa hakuambiwa kwamba alfabeti ya ofisi ile ni tofauti na ile aliyofundishwa darasani.

Tukitazama lugha nyingine tutaona kwamba jambo hili si geni duniani, na kwamba wenzetu walioligusa hawakuiachia mashine, waliamua. Jirani zetu Wasomali ni mfano ulio karibu zaidi. Mwaka 1972 Kisomali kilipewa rasmi maandishi ya Kilatini, lakini taratibu ya herufi haikuchukuliwa kutoka Ulaya. Ilifuata ile ya Kiarabu: baada ya alama ya hamza huja b, t, j, x, kh, d, r, s, sh, dh, c, g, f, q, k, l, m, n, w, h, y, na mwisho kabisa irabu a, e, i, o, u. Herufi c ni ile ain ya Kiarabu, na x ni ha nzito ya kooni, ndiyo maana Ali huandikwa Cali na Hasan huandikwa Xasan. Mtoto aliyesoma chuoni alif, be, te hakupata shida ya kuishika alfabeti hiyo, maana alikuwa ameizoea. Lakini karani wa Nairobi, aliyefundishwa a, b, ch, d, akipewa orodha iliyopangwa Kisomali atamtafuta Cali mwanzoni, jirani na b, wakati yeye yuko katikati, kati ya dh na g. Alfabeti hiyo haina kosa. Ni ya ukoo mwingine tu.

Kwa kweli hata hili neno letu kamusi limetoka katika kitabu ambacho mpangilio wake ungemshangaza msomaji wa leo. Al-Firuzabadi, aliyefariki mwaka 1415, alikiita kitabu chake Al-Qamus al-Muhit, yaani bahari kuu inayozunguka, na umaarufu wa kitabu hicho ukalifanya jina la bahari kuwa jina la vitabu vyote vya maneno. Kitabu hicho hakikupangwa kwa herufi ya kwanza ya neno, bali kwa herufi ya mwisho ya mzizi, kama Lisan al-Arab ya Ibn Manzur, iliyokamilika mwaka 1290, ilivyopangwa kabla yake. Anayetaka maneno ya mzizi k-t-b, ambako sisi tumepata kitabu na katibu, hufungua mlango wa b, kisha ndani yake hutafuta fasili ya k. Mpangilio huo wafaa sana kwa mtu anayetafuta vina, na mshairi wa Kiswahili hangeuona kuwa wa ajabu hata kidogo. Kabla ya hao wote, Al-Khalil bin Ahmad wa Basra, katika karne ya 8, alikuwa amekwisha kuipanga kamusi yake kwa mahali sauti zinapotamkiwa, akianza na ain ya kooni na kuja mpaka midomoni. Na kitabu chake kikaitwa kwa jina la herufi hiyo ya kwanza, Kitab al-Ayn. Ni kazi ya akili kubwa, lakini ilimtaka msomaji awe mwanafonetiki kabla ya kulipata neno. Warithi wake waliiacha taratibu hiyo, wala sidhani kwamba walikosea.

Jambo hilohilo, yaani kumtaka msomaji aijue sauti kwanza ndipo alipate neno, limebaki katika Kiwelisi, lugha ya Wales huko Uingereza. Kiwelisi kina herufi za alama mbili nane: ch, dd, ff, ng, ll, ph, rh na th, na kila moja ina mahali pake katika alfabeti. Neno lwc, yaani bahati, hutangulia neno llaeth, yaani maziwa, maana l yote lazima iishe kabla ya ll kuanza. Hilo halina taabu. Taabu iko katika ng, ambayo kwao hukaa baada ya g, si baada ya n. Neno angel, malaika, lina ile sauti ya ng' yetu, kwa hiyo hupangwa karibu na maneno ya ag-, kabla ya ah- na ai-. Lakini jina la mji wa Bangor lina n na g, kama ngoma yetu, kwa hiyo hupangwa kwa n. Maandishi hayaonyeshi tofauti. Asiyejua matamshi hana njia ya kujua aanzie wapi, naye aghalabu ndiye anayeihitaji kamusi kuliko wengine.

Wahispania walipita njia nyingine, na uamuzi wao ndio unaotufaa zaidi kuuchunguza. Tangu toleo la mwaka 1803 la kamusi ya Chuo cha Lugha cha Hispania, ch na ll zilikuwa na milango yao: neno chocolate lilikaa nyuma ya cuchillo, yaani kisu, na llave, yaani ufunguo, lilikaa nyuma ya luz, yaani nuru. Mwaka 1994 vyuo vya lugha vya nchi zinazosema Kihispania vilikutana Madrid na kuamua kwamba katika kupanga maneno ch ihesabiwe kuwa c na h, na ll ihesabiwe kuwa l mbili. Kuanzia hapo llave linakaa kati ya litro na lobo. Lakini herufi zenyewe hazikufutwa mwaka huo. Ziliendelea kuwa herufi za alfabeti hadi mwaka 2010, kanuni mpya za maendelezo zilipoziondoa na kuacha herufi 27. Kwa muda wa miaka 16, basi, ch ilikuwa herufi isiyo na mlango katika kamusi. Wako walioliona hilo kuwa kinyume. Mimi naliona kuwa ndilo jambo la busara kuliko yote yaliyofanywa katika shauri lile, kwa sababu lilitenga maswali mawili ambayo watu huyachanganya kila mara: ipi ni herufi ya lugha, na neno litafutwe wapi. La kwanza ni swali la fonolojia na la ufundishaji. La pili ni swali la huduma kwa msomaji. Na ikumbukwe kwamba ñ haikuguswa. Iliendelea kusimama peke yake baada ya n. Walipunguza palipopunguka bila ya hasara, wakaacha palipohitaji kuachwa.

Wadenishi nao wana herufi å, waliyoipokea rasmi mwaka 1948 badala ya aa, na hukaa mwisho kabisa wa alfabeti yao, baada ya z, æ na ø. Mji wa Århus ulirudia maandishi ya zamani, Aarhus, mwaka 2011. Lakini katika orodha iliyopangwa Kidenishi bado uko mwishoni, kwa kuwa aa hiyo huhesabiwa kuwa å. Mgeni anayeutafuta mwanzoni hataupata. Na huko Hawaii, ambako alama ya kipasuo cha kooni, inayofanana mno na ritifaa yetu, huhesabiwa kuwa konsonanti kamili, kamusi ya Pukui na Elbert ya mwaka 1957 haikuipa mlango. Maneno yanayoanza na alama hiyo yamechanganywa na yale yanayoanza na irabu tupu. Ni herufi, lakini si mlango.

Tukirudi kwetu, yafaa kwanza tupime ukubwa wa tatizo, maana huzungumzwa kana kwamba kila herufi ya alama mbili ina ugomvi wake. Haina. Ch haina ugomvi wowote, kwa kuwa c peke yake haimo katika Kiswahili sanifu. Uihesabu moja au mbili, chakula na chumba havitoki mahali pao. Ny ina ugomvi mdogo sana: baada ya ny hakuna kinachofuata katika mlango wa n isipokuwa nz, kwa hiyo tofauti nzima ni kama nyama na nyumba vitatangulia nzi na nzige au vitafuata. Kh na gh zina maneno machache, na mengi ya kh yamekwisha kuhamia h katika matumizi ya watu, kama kheri na heri. Ugomvi halisi uko katika dh, sh na th, na zaidi ya zote katika ng'.

Kwa hizo tatu, swali ni kama dhahabu likae kati ya dawa na dini, au lingoje mpaka dunia limalizike. Kama sheria likae kati ya serikali na siasa, au nyuma ya swali. Wanaotaka milango ya pekee husema kwamba dh si aina ya d, wala sh si aina ya s. Ni sauti nyingine kabisa, na kuzichanganya ni kumfundisha mtoto uongo juu ya lugha yake. Hoja hiyo ina uzito darasani. Katika kamusi haina uzito huo. Anayefungua kamusi amekwisha kuliona neno limeandikwa, na anachokijua kwa hakika ni maandishi yake. Kwa kuyafuata maandishi atafika, awe amezaliwa Pemba au amejifunza Kiswahili Bujumbura. Tena vitabu anavyovitumia pamoja na kamusi, kama faharasa, orodha za majina na kumbukumbu za ofisi, vimepangwa kwa a, b, c ya kimataifa, na mtu mmoja hawezi kubadili alfabeti kila anapobadili kitabu. Kwa hiyo naona dh, gh, kh, ny, sh na th zihesabiwe kuwa alama mbili katika kupanga, hata kama ubaoni zinaendelea kuwa herufi moja moja, kama inavyostahili. Hata hivyo nakiri kwamba aliyeamua kuzipa milango hatamtia msomaji katika shida ya Kiwelisi. D na h hazikutani kwetu zikiwa sauti mbili, na pale s na h zinapokutana, kama katika jina Is-haka, twaweka kistari kuzitenganisha.

Ng' ni shauri jingine. Hapa tuna neema ambayo Wawelisi hawana: ritifaa inaonyesha wazi kwamba ng'oa si ngoa na kwamba ng'ombe hatamkwi kama ngoma. Kuipuuza alama hiyo katika kupanga, ng'ambo likaingia mbele ya ngamia na ng'ombe kabla ya ngozi, ni kuzitawanya familia na kumfanya msomaji aruke huku na huku kati ya sauti mbili. Kuiweka ng' mbele ya nga- ni kuacha namba za kompyuta zituamulie. Kuipa mlango wake baada ya nzige ni kuitenga na jirani yake wa maandishi, na msomaji aliyefika ngu- bila ya kuliona neno lake hatafikiri kuendelea mpaka mwisho wa n. Jibu la tatu kati ya yale manne ndilo linalompunguzia msomaji safari: ng zote kwanza, kisha ng' zote kwa pamoja, kisha herufi zinazofuata. Ngamia, ngozi, nguo, ng'ambo, ng'ombe, nzige.

Jibu hilo halitapatikana kwa kubonyeza kitufe. Kwanza ritifaa zote za orodha lazima zifanywe ziwe za namna moja kabla ya kupangwa. Kazi hiyo ni ya dakika chache kwa anayejua kwamba zipo mbili. Kisha programu ipewe kanuni. Mfumo wa kimataifa wa Unicode, unaotumiwa kupanga maandishi ya lugha nyingi, umeacha nafasi kwa kila lugha kuongeza kanuni zake, na ndivyo Kiwelisi na Kidenishi vinavyopangwa ipasavyo katika kompyuta. Mashine si mkaidi. Hufuata iliyoambiwa, na ikiwa haikuambiwa kitu hufuata namba.

Hapa watu wa istilahi watauliza juu ya jambo ambalo kamusi za maneno ya kawaida hazisumbuki nalo sana, yaani istilahi za maneno mawili na matatu. Je, nafasi kati ya maneno ihesabiwe? Ikihesabiwa kuwa inatangulia kila herufi, nguvu za umeme itakaa mbele ya nguvukazi, na istilahi zote zinazoanza na neno nguvu zitakaa pamoja. Ikipuuzwa, nguvukazi itatangulia, maana k iko mbele ya z, na familia ya nguvu itakatwa katikati. Kwa orodha ya istilahi sioni sababu yoyote ya kuipuuza, kwa kuwa mfasiri hutafuta dhana kwa familia zake. Vivyo hivyo herufi kubwa zisipewe cheo. Zanzibar ikae katika z.

Liko pia shauri la viambishi, ambalo ni kubwa kuliko haya yote na lingehitaji makala yake. Msomaji mgeni aliyekutana na nyuso au ndimi hatayapata mpaka aujue umoja wake, uso na ulimi. Kamusi ya Kizulu ya Doke na Vilakazi ya mwaka 1948 hupanga majina kwa mashina, umuntu likatafutwa katika -ntu. Johnson, katika kamusi yake ya mwaka 1939, aliyakusanya maneno mengi yaliyonyambuliwa chini ya viini vyao. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 iliyaacha majina yasimame katika umbo la umoja, na walimu wengi wanaona kwamba ilifanya vyema. Lakini wote hao, wawe wamefuata mzizi au umbo, walichagua na wakafuata walichokichagua, na asiyekubaliana nao aweza kuijifunza njia yao.

Orodha nyingi za istilahi zinazozunguka maofisini na vyuoni hazina hata sentensi moja juu ya jambo hili. Dibaji zake hueleza chanzo cha maneno, majina ya wajumbe wa kamati na shukrani kwa wafadhili, mpangilio hautajwi. Sentensi mbili zingetosha: kwamba herufi za alama mbili zimepangwa kwa maandishi yake, na kwamba maneno ya ng' yanafuata maneno yote ya ng. Zichapwe katika ukurasa wa kwanza wa orodha yenyewe, si katika dibaji, maana mtu anayetafuta neno haanzii katika dibaji.